Peugeot 504 ya marehemu baba: anza na bati, injini itangoja

SWALI: "Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia Peugeot 504 steshen wagoni ya petroli, ya mwaka 1986. Imekaa chini ya mwembe nyumbani kwetu Muyeye, Malindi, tangu alipougua, na huu ni mwaka wa tisa haijawashwa. Sakafu ya upande wa dereva ina tundu linalopitisha ngumi, na milango miwili ya nyuma imeliwa na kutu chini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimeweka akiba ya shilingi 250,000, na kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Jirani ananiambia nianze na rangi ili nipate moyo. Fundi wa mtaani anasema injini hiyo ni ya kutupa, aniwekee ya Toyota. Je, naweza kulifufua hili gari nyumbani kwa pesa hizo? Na nianze wapi?"

JIBU: Marahaba, mwalimu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu gari mlilonalo linastahili, na kwa sababu ushauri wote mliopewa, wa jirani na wa fundi, utamaliza akiba yako kabla gari halijatoka uwanjani.

Jibu fupi ni kwamba linafufuka, na pesa hizo zinatosha kulirudisha barabarani ikiwa kutu haijaingia mahali pawili nitakapokutajia. Anza na bati la chini. Zifuate breki. Kisha injini, hiyo hiyo ya Peugeot iliyomo. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na pesa zikipunguka, ingoje mwaka mwingine.

Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Ziliundwa zaidi ya milioni tatu, nyingine zikiunganishwa hapa hapa Kenya. Safari Rally ilishindwa na 504 mara mbili, mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson na mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Lakini sisi wa pwani tunaikumbuka zaidi steshen wagoni iliyobeba abiria saba baina ya Mombasa na Malindi, mizigo imefungwa juu ya keria. Iliundwa kwa kazi hiyo. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ina mita 2.90, wakati saluni ina 2.74. Nyuma ina ekseli nzima ya kipande kimoja, na juu yake springi nne za koili, mbili kila upande. Ndiyo sababu hubeba magunia bila kukaa chini.

Uimara huo huwadanganya wengi wakadhani lina chesisi kama lori. Halina. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sakafu, sili (vile vizingiti vya chini ya milango), na mihimili iliyokunjwa kwa bati chini ya sakafu ndivyo vinavyoshika springi, injini na abiria pamoja. Bati likioza huko chini, hata injini mpya kutoka Japani itakuwa imefungwa kwenye makaratasi. Kwa hiyo shilingi yako ya kwanza iende mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona.

Kabla ya shilingi hiyo ya kwanza, kuna ukaguzi wa bure. Tafuta tochi, bisibisi ya zamani, jeki na stendi nne za chuma. Uwanja wa Muyeye una mchanga, basi kila stendi iwekee ubao mnene chini yake, na asiingie mtu uvunguni gari likiwa juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana. Fungua boneti utazame pale shokabsoba za mbele zinaposhikwa kwa juu, kushoto na kulia. Kwaruza uchafu, kisha choma kwa bisibisi kwa nguvu. Halafu ingia nyuma, uchome mihimili inayopita juu ya ekseli, pale springi zinapokalia. Haya ndiyo mahali pawili ya uhai na mauti. Bisibisi ikizama pande zote mbili, mbele na nyuma, usitumie hata senti. Uza gari kama spea, na mzee atakuwa bado amekuachia kitu. Ikigonga chuma kigumu, au ikazama mahali padogo pamoja tu, endelea. Sakafu yenye tundu, sili zilizooza na milango iliyoliwa chini ni kazi ya kawaida kwetu sisi watu wa baharini.

Tundu la sakafu yako nina hakika lilianzia juu. Majani ya mwembe huanguka kwenye ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, yakaoza, yakaziba matundu ya kutolea maji. Mvua ya masika ikinyesha, maji hayana pa kwenda ila ndani, na zulia huyashika miezi mizima. Chumvi nayo hufanya kazi yake. Kusi huvuma tangu Aprili hadi karibu Septemba akileta mvuke wa bahari, na chumvi ikishatua kwenye bati huvuta unyevu hewani hata siku ya jua kali, bati likabaki limelowa bila tone la mvua. Kwa hiyo ng'oa mazulia yote, toa viti, zoa majani, na uzibue matundu ya mfereji huo kwa waya mpaka maji unayomwaga pale juu yaonekane yakitoka chini. Usipofanya hivyo, kiraka utakachochomelea leo kitaoza kama bati la kwanza.

Osha gari zima, hasa uvunguni na ndani ya fenda, mara nyingi, siku kadhaa mbalimbali. Na hapa tafadhali nisikilize: usioshe kwa maji ya kisima ikiwa kisima chenu ni cha chumvi, kama vilivyo vingi karibu na ufuo. Tumia maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, au maji ya mvua yaliyokingwa. Chumvi hujificha kwenye vishimo vya kutu. Ukipaka dawa na rangi juu yake, inaendelea kula chini kwa chini, na baada ya miezi utaona malengelenge.

Matumizi ya kwanza ya pesa, ya kulinda bati hilo hilo, ni banda la makuti. Turubai la plastiki usilitumie kufunika gari. Mchana hulipika, usiku humwaga jasho juu ya bati. Makuti yanapitisha hewa. Upande unaotazama bahari ukingwe kwa ukuta wa makuti mpaka chini, na sakafu ya banda itandazwe karatasi ya nailoni na juu yake kokoto, maana ardhi yenyewe hutoa unyevu unaopanda moja kwa moja uvunguni. Litoe gari chini ya mwembe kwa kulisukuma polepole, breki zikiwa zimefunguliwa kama zimeshikana. Usilivute kwa kamba na trekta.

Sasa kazi yenyewe, kazi ya bati. Ningekuwa wewe ningetenga 60,000 hapa, banda likiwemo, na nisingezipunguza kwa sababu yoyote.

Kaka yako ni hazina kubwa, lakini kuchomelea geti na kuchomelea gari ni kazi mbili. Bati la bodi halifiki milimita moja, na mashine ya vijiti anayotumia italitoboa kabla hajainua mkono. Gesi nayo hupasha joto eneo kubwa, bati likajikunja mawimbi. Kinachofaa ni mashine ya waya yenye gesi ya kukinga. Huna haja ya kuinunua. Kodi mashine pamoja na fundi wake kwa siku chache tu, siku za kuchomelea, na kila kitu kingine akifanye kaka yako: kupima, kukata kutu mpaka afike bati safi linalong'aa, kutengeneza kielelezo cha katoni, kukata bati jipya, kulikunja na kulipachika mpaka likae bila mwanya. Muda mwingi wa kazi hii ni maandalizi, na muda huo ndio gereji wanaokutoza. Ukiununua kwa jasho la nyumbani, zile 60,000 zitakwenda mbali.

Bati la kununua ni la chuma cheusi, geji 18 kwa sili na mihimili, geji 20 kwa sakafu na ngozi ya milango. Mabati ya paa msitumie hata kama yamebaki nyumbani bure. Ni membamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomtia fundi homa na kubana kifua. Nimeona magari mengi ya pwani yaliyotiwa viraka vya mabati ya paa kwa ribiti, yakafunikwa fila na kupakwa rangi ya kupendeza. Ni hatari kwa anayepanda, na naumia kila nikiyaona yakiuzwa kwa watu wasiojua.

Kabla ya kukata sili, gari likae sawa, uzito wake ukiwa juu ya stendi zilizowekwa chini ya ekseli ya nyuma na chini ya mikono ya mbele, wala si chini ya sakafu. Milango ifungwe. Pima miwanya ya milango, uandike vipimo kwenye daftari. Kisha toa milango ya upande mmoja, chomelea vipande vya anglaini kutoka nguzo ya mbele hadi ya kati, na ya kati hadi ya nyuma, ili bodi isikunje mgongo. Kata upande mmoja tu, umalize, urudishe milango uone kama inafunga kama ilivyokuwa kwenye daftari, ndipo uhamie wa pili. Ukikata sili zote mbili kwa pamoja, gari litashuka katikati na hakuna fundi wa rangi atakayelinyoosha. Wakati wa kuchomelea, piga nukta moja hapa, nyingine mbali kule, urudi katikati, acha bati lipoe. Anayevuta mstari mmoja mrefu ili amalize haraka atapata sakafu yenye mawimbi.

Na moto. Betri itolewe. Tangi la petroli lishushwe na lipelekwe mbali na uwanja, na tundu la bomba lake lizibwe. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji ziwe karibu, na mtu mmoja asiyefanya kazi nyingine ila kutazama upande wa pili wa bati, kwa sababu moto huanzia mahali mchomeleaji asipopaona. Tangi lenyewe likiwa limetoboka, msilichomelee nyumbani kamwe. Tangi tupu lenye mvuke ni baya kuliko tangi lililojaa.

Bati jipya likishakaa, lisilale uchi. Hapa kwetu chuma kilichosuguliwa alasiri kina kutu nyekundu alfajiri. Sugua, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, suuza kama maelekezo ya chupa yanavyosema, kausha, piga praima siku hiyo hiyo. Praima ya epoksi ni ghali kuliko ile nyekundu ya kawaida, lakini kwa uvunguni inunue hiyo hiyo ghali, kwa kuwa ile nyekundu ikiachwa peke yake hupitisha unyevu. Maungio yote yatiwe silanti. Fila ije baadaye, nyembamba, juu ya praima, kwa kusawazisha tu. Fila hunywa maji na haiwezi kuziba tundu.

Imebaki ndani ya sili, mahali mkono haufiki. Huko ndiko gari linakofia. Mafundi wa majahazi hawaachi ubao ukae majini bila kupakwa sifa (mafuta ya papa), na sili za gari la pwani zinataka heshima hiyo hiyo. Pasha joto nta na grisi kidogo kwenye oili safi, polepole, nje ya nyumba, mpaka vilainike, kisha nyunyizia ndani ya sili na milango kupitia matundu yaliyopo kwa bomba refu la kunyunyizia. Rudia kila mwaka kabla ya kusi kuanza. Matundu ya chini ya sili na milango yaachwe wazi, maji yatoke.

Milango ya nyuma msihangaike nayo. Tafuta mitumba, ila itoke bara. Mlango wa gari lililozeekea Nakuru au Nanyuki utakuwa mzima kuliko wowote utakaoupata Kilifi. Kwa kuwa 504 zilijaa nchi hii, spea zake bado zinapatikana kwenye maduka ya Mombasa na Kirinyaga Road, Nairobi. Hakikisha mlango ni wa steshen wagoni, maana mlango wa nyuma wa saluni haukai.

Breki na magurudumu, tenga 60,000 nyingine. Hapa sitarefusha. Mafuta ya breki hunyonya maji, na baada ya miaka tisa yale yaliyomo yamekwisha kula masta silinda na silinda ndogo za magurudumu kutoka ndani. Badilisha raba zote, mipira yote mitatu au minne inayopinda, na mabomba yote ya chuma yaliyopita uvunguni. Mabomba weka ya shaba iliyochanganywa na nikeli, yale ya breki, hayashiki kutu. Mbele kuna diski, nyuma madrumu, na madrumu yakiwa na mfereji ndani yapelekwe leithi. Matairi ni ya rimu ya inchi 14. Hata kama ya mzee yana meno mazuri, mpira wa miaka tisa umekauka, hupasuka kwenye mwendo. Nunua yenye uwezo wa kubeba uzito, usichukue ya saluni ndogo. Gari lisisogezwe kwa injini yake kabla breki hazijakamilika.

Sasa injini, na hili suala la Toyota.

Simlaumu fundi wako. Injini za Toyota anazijua, zipo tele, na anaweza kukuwekea akiwa na hakika ya kazi yake. Lakini 504 haina propela iliyo wazi. Propela yake imo ndani ya bomba la chuma linalotoka giaboksi hadi kwenye difu, na bomba hilo ndilo linaloizuia ekseli isijipinde na ndilo linalolisukuma gari mbele. Giaboksi ya Toyota haiungani nalo. Ukiiweka, lazima ukate bomba, utengeneze propela nyingine, uiundie ekseli mikono mipya ya kuishika, na ubadilishe viegemeo vya injini. Kila kipande ni cha kubuni, na kikikatika usiku barabara ya Tana River, hakuna duka litakalokuuzia kingine. Tena injini ikibadilishwa, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wataka gari likaguliwe na logibuku (hati ya umiliki) irekebishwe. Pesa zako zote zitaishia hapo, sakafu ikiwa bado na tundu.

Na injini yenu sidhani kama ni ya kutupa. Bloku yake ni ya chuma, hedi ya aluminiamu, cheni badala ya mkanda, na silinda zake ni slivu zinazochomoka, zinazozungukwa na maji. Hii ndiyo baraka kubwa kwa mtu mwenye bajeti. Silinda zikilika, huipeleki bloku kuchongwa. Unanunua seti ya slivu, pistoni na ringi, unatoa za zamani, unaingiza mpya.

Lakini kwanza tuone kama imeshika. Msiwashe. Msijaribu hata kidogo kwa betri ya jirani. Toa plagi nne, mimina ndani ya kila silinda oili laini iliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo, iache siku kadhaa, uongeze. Kisha chukua spana kubwa, shika nati ya puli ya krenki, jaribu kuzungusha kwa mkono, mbele na nyuma, kwa upole. Ikizunguka, mmeshinda nusu. Ikigoma, ongeza oili na subira. Msiongeze nguvu. Toa oili ya sampu na uitazame: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na gasketi ya hedi au raba za chini za slivu zimekwisha.

Mkilazimika kufungua hedi, mkumbushe fundi jambo hili hata kama ataudhika: hedi ikishatoka, injini isizungushwe kabla slivu hazijabanwa kwa bolti na washa. Zikipanda hata kidogo, raba za chini huachia, na maji yataingia kwenye oili siku ya kwanza ya kuwasha. Pia slivu zinatakiwa zichomoze kidogo juu ya bloku, kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha gari, ndipo gasketi ibane. Mafundi wengi waliozoea Toyota hawajawahi kukutana na hilo, na ndiyo sababu wengi husema injini za Peugeot zinasumbua. Hedi yenyewe ipelekwe mashineni ikapimwe kama imejikunja. Aluminiamu ikipata joto kupita kiasi haisamehe.

Joto linanirudisha kwenye maji. Wazee wengi wa Malindi walijaza rejeta kwa maji ya kisima, na chumvi ikala hedi kutoka ndani. Sukuma maji safi ndani ya bloku mpaka yatoke maangavu, rejeta ipelekwe ikasafishwe, mipira yote ibadilishwe, na humo ndani mtie kulanti, si maji matupu. Feni ya 504 hushikwa na sumaku ya umeme, inazunguka maji yakipata moto tu. Baada ya miaka tisa kibrashi chake huenda kimekwama au waya umekatika, na hutajua mpaka utakapokuwa kwenye foleni ya Mtwapa sindano ikipanda. Ijaribu mapema. Ikishindikana kupona, inaweza kufungwa izunguke muda wote. Itakula petroli kidogo na kupiga kelele, lakini hedi itasalimika.

Petroli ya zamani imekuwa gundi. Tangi lioshwe, kabureta ifunguliwe na kila tundu lipulizwe, pampu ya petroli iwekewe kiwambo kipya, mipira yote ya petroli ibadilishwe. Pointi, kondensa, plagi na waya zake ni vitu vya bei nafuu, nunua vipya vyote kwa pamoja. Kwa yote haya, rejeta ikiwemo, tenga 50,000. Ikiwa slivu na pistoni zitahitajika, sehemu ya pesa za rangi ihamie huku.

Umeme wake ni mwepesi, 15,000 ziwe pamoja na betri. Kwa gari la pwani, taa ikikataa, usianze kubadilisha taa. Fuata waya wa arthi mpaka unaposhikana na bodi, fungua bolti, sugua bati na kichwa cha waya ving'ae, paka grisi, ukaze. Hitilafu nyingi zitaishia hapo.

Mpaka hapa umetumia 185,000. Zuia 25,000 usiziguse, hizo ni za kitu ambacho mimi na wewe hatujakiona, na kwa gari la miaka hii lazima kiwepo. Zinabaki 40,000 za rangi.

Jirani yako anakutakia mema, lakini rangi ikianza, cheche za kuchomelea zitaiunguza na mikono ya mafundi itaikwaruza, utailipia mara mbili. Muda wa kupiga rangi Malindi ni kaskazi, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika. Anza asubuhi umande ukishakauka na upepo haujanyanyuka na mchanga. Kompresa iwe na kichujio cha maji, maana hewa yetu ni nzito na maji yale hutoka na rangi yakaacha vidoti. Thina itumike ya kukauka taratibu, kwani ya haraka katika unyevu huu huifanya rangi ipate ukungu mweupe. Rangi za kuchanganywa na hadina zina sumu mbaya kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Kwa nyumbani penye watoto, tumia rangi ya kawaida ya seluloosi, au ulipeleke gari kwa mwenye chumba cha kupigia rangi. Msibadilishe rangi ya gari bila haja, kwa kuwa nayo huandikwa kwenye logibuku.

Kuhusu hiyo logibuku, hukuuliza, lakini anza nayo hata kabla ya banda. Kama bado ina jina la marehemu, NTSA hawatalihamisha gari kwa maneno ya familia. Itahitajika hati ya mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Kama ninyi ni Waislamu, Mahakama ya Kadhi ipo hapo Malindi. Kaeni ndugu wote mkubaliane gari ni la nani kabla wewe hujaweka akiba yako ya mshahara ndani yake. Na kaka yako, kabla hajawasha grainda, apige picha namba ya chesisi na kile kibati chake, azungushie chaki, na pasikatwe wala pasisuguliwe hapo.

Siku likiwaka, lizungushe uwanjani, kisha barabara ya mtaani, breki zikijaribiwa kwa mwendo wa polepole. Baadaye nenda Gede na urudi, upoeze, utazame oili na maji, ukaze nati za magurudumu. Fanya hivyo wiki kadhaa. Usipeleke Mombasa mpaka umerudi Gede mara nyingi bila kuongeza tone la maji kwenye rejeta.

Ukishachoma bisibisi pale pahali pawili, nitumie picha, za mbele na za nyuma, zikiwa na mwanga wa kutosha, nami nitakwambia kama ukate au uuze.